Kitabu Kigumu Hakikuulizi Cheti

Wasee, leo hakuna kichekesho. Leo naongea kuhusu kitabu, na kabla upitishe kidole uende video ingine, nipe dakika chache tu. Ni stori ya mauaji. Kuna mtu amepatikana asubuhi ametumbukizwa kwenye chungu kikubwa cha damu ya nguruwe, kichwa chini, miguu juu. Sawa? Tumekaa sasa?

Kitabu kinaitwa The Name of the Rose. Kimeandikwa na Mwitaliano mmoja, Umberto Eco, kikatoka kwao Italia mwaka wa 1980, na William Weaver akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka wa 1983. Mimi nilikipata inama, kwa wale wauzaji wa vitabu wanaotandika gunia kando ya barabara huko tao, ukitaka kitu lazima uiname. Nililipa soo mbili. Jalada lilikuwa limechanika. Ndani, mwenyewe wa kwanza alikuwa anaweka alama za penseli kila anapofika. Alama ya mwisho iko ukurasa wa arobaini na kitu. Baada ya hapo kurasa ni safi kabisa. Yaani alikufia hapo.

Jioni nikamtumia beshte yangu picha ya jalada. Tuliingia chuo pamoja. Yeye alimaliza, mimi nilitoka mwaka wa pili. Akanijibu, "Buda, hiyo ni ya watu wa kusoma sana. Wewe tafuta filamu yake."

Hakuwa na ubaya, na namjua. Lakini ilinidunga, na nilikaa nayo usiku mzima nikijiuliza kwa nini.

Jibu ni hili. Tangu siku ile nilifunga sanduku langu hosteli, kuna vitu nimekuwa nikijikataza bila mtu yeyote kunikataza. Karo ilikwama, nikasema nitarudi semista ijayo, na semista ijayo imekuwa miaka mitatu. Mathe bado huambia watu wa kanisa kwamba nimepumzika kidogo. Na mimi pole pole nikaanza kuamini kuna rafu za vitabu ambazo si zangu tena. Watu wakianza kuongea mambo ya historia ama falsafa mimi natoa mzaha haraka haraka, wacheke, tuhamie stori ingine. Hakuna mtu aliniambia ninyamaze. Nilijinyamazisha.

Kwa hivyo maoni yangu ya leo ni haya, na nitayatetea: kitabu kigumu si mali ya wenye digrii. Na hiki hasa, kati ya vyote, kinakuambia hivyo chenyewe ukikivumilia.

Kwanza nikupange na stori. Usijali, muuaji simtaji.

Ni mwisho wa Novemba 1327, kwenye milima ya kaskazini mwa Italia, theluji imeanguka. Kuna abasia moja tajiri ya Wabenediktini. Hawa watawa wako hadi leo, hata hapo Tanzania wana abasia kubwa, Peramiho na Ndanda. Kijana mmoja anayechora picha za kupamba vitabu, Adelmo, amepatikana amekufa chini ya genge. Abati anataka hii maneno imalizwe kimyakimya kwa sababu wageni wazito wako njiani. Anamwomba Mfransisko mmoja kutoka Uingereza, William wa Baskerville, achunguze. William anatembea na Adso, kijana anayejifunza utawa, na Adso ndiye anatupigia hii stori yote, sasa akiwa mzee. Inachukua siku saba, na watu wanaendelea kufa.

Mwanzo ni mtamu. William hajafika hata langoni, anakutana na watawa wanahangaika kutafuta kitu. Anawaambia farasi wenu amepitia njia ile, na anawatajia hadi jina la farasi. Hajawahi kumwona! Amesoma tu kwato kwenye theluji, nywele nyeusi zilizonaswa kwenye miiba, matawi yaliyovunjika. Ukisikia harufu ya Sherlock Holmes hapo, pua yako iko sawa. Hilo jina Baskerville limetoka kwa stori moja maarufu ya Holmes. Nikasema ah, kwani hii ndiyo ngumu? Hii nitamaliza wikendi.

Halafu Adso akafika kwa mlango wa kanisa.

Mlango tu, wasee. Anaanza kueleza sanamu zilizochongwa juu yake. Anaeleza wazee, anaeleza wanyama, anaeleza mashetani, anafungua ukurasa mwingine bado anaeleza. Nikaangalia namba ya ukurasa, nikacheka kwa sauti. Ni hapo hapo mwenye penseli alifia.

Na mlango ni mwanzo tu. Kuna vipande vya Kilatini ambavyo hakuna mtu amevitafsiri. Siku zenyewe zimegawanywa kwa saa za sala, kuanzia usiku wa manane hadi sala ya kulala. Kuna mapapa, wafalme na vikundi vya wazushi ambavyo majina yake yanafanana. Kuna ugomvi mrefu kati ya Wafransisko na Papa Yohane wa 22, aliyekuwa anakaa Avignon, mji ambao leo uko Ufaransa. Wanagombania swali moja: Je, Yesu na mitume wake walimiliki mali? Mara ya kwanza nilianza, nikaacha. Mara ya pili nikaacha. Mara ya tatu ndiyo nilifika mwisho, na nilichukua wiki saba kusoma siku saba.

Sasa sikia hii. Eco alieleza baadaye kwamba marafiki na watu wa uchapishaji walimshauri apunguze zile kurasa mia za kwanza. Akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayetaka kuingia abasia akae humo siku saba lazima akubali mwendo wa abasia. Akishindwa na kurasa mia za kwanza, basi abaki chini ya mlima.

Nilipojua hivyo nilikasirika. Nikasema, kwani huyu mzee anajiona nani? Alizaliwa mwaka wa 1932, alikuwa profesa huko Bologna, anafundisha semiotiki, yaani elimu ya alama na maana zake. Hii ilikuwa riwaya yake ya kwanza na alikuwa anakaribia miaka hamsini. Profesa amesimama mlangoni ananiambia nibaki chini. Hiyo sauti naijua.

Lakini nilivyoendelea kusoma nikaona nimechanganya vitu viwili. Mlima si ukuta. Mlima ni mgumu kwa kila mtu, profesa anatoa jasho na wewe unatoa jasho, na hakuna anayekuuliza kitambulisho. Ukuta una soja. Soja anakuangalia viatu, anakuuliza unaenda kumwona nani, halafu anaamua. Eco ameandika mlima. Lakini stori aliyoiweka huko juu ya mlima ni stori ya ukuta, na ya watu wanaokufa kwa sababu ya huo ukuta.

Hebu angalia maktaba ya hiyo abasia. Wanasema ni kati ya kubwa zaidi katika Ukristo wote. Iko ghorofa ya juu kabisa na imejengwa kama fumbo, vyumba 56 vinavyofunguka kimoja ndani ya kingine hadi unapotea. Anayeruhusiwa kuingia ni mtunza maktaba peke yake. Watawa wengine, na hawa ni wasomi waliotoka nchi mbalimbali kuja kusoma hapo, wanakaa ghorofa ya chini yake. Ukitaka kitabu unamwomba mtunza maktaba, na yeye anaamua kama unastahili. Usiku kuna kioo kilichopinda cha kukuonyesha jini badala ya sura yako, na kuna majani yanachomwa humo yakufanye uone maruweruwe. Yote hayo ya nini? Ya kukufanya uogope kusoma.

Na huko ndani kuna kitabu kimoja ambacho mtu yuko tayari watu wafe ili kisisomwe. Sisemi ni kipi. Nitasema tu kwamba wanaokufa hawakufa kwa sababu walikuwa wabaya. Wengi wao walitaka kusoma.

Hapo nikaweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Kwa sababu mimi nilikuwa na maktaba kama hiyo kichwani, na mtunza maktaba alikuwa mimi mwenyewe. Kila nikitaka kitu kizito nilikuwa namwomba ruhusa, ananiambia wewe ulitoka mwaka wa pili, rudi chini.

Halafu kuna mambo ya lugha, na hapa ndiyo nataka tusikizane vizuri.

Kuna mtawa anaitwa Salvatore. Jamaa ametoka umaskini wa kutupwa, amezunguka nchi nyingi akitafuta chakula, na kila mahali ameokota maneno. Akifungua mdomo zinatoka lugha zote kwa pamoja, Kilatini kidogo, maneno ya huku kidogo, ya kule kidogo. Adso anashangaa, anasema huyu anaongea lugha zote na hakuna hata moja. Lakini anamwelewa! Mimi nilicheka hadi nikajipiga goti. Huyo ni mtoto wa Eastlands. Huyo anaongea Sheng ya mwaka wa 1327. Na wasomi wanamwangalia vile tu sisi huangaliwa tukiongea kwa ofisi za watu.

Halafu kuna msichana. Ni wa kijiji kilicho chini ya abasia, ni maskini, na anaingia usiku kwa siri kwa sababu akitumiwa na watawa fulani anapata nyama ya kupeleka nyumbani. Hatuambiwi jina lake. Mzee Adso anaishi maisha yake yote bila kulijua. Usiku mmoja anashikwa, na kati ya wale wageni wazito kuna Bernard Gui, ambaye ni mtu wa kweli kwenye historia, mchunguzi wa wazushi aliyetumwa na Papa. Gui anaona paka mweusi, anaona jogoo, anasema huyu ni mchawi. Msichana analia, anapiga kelele, anajieleza. Lakini anaongea lugha ya kijiji chao, na hao wakubwa hawaielewi na hawana haja ya kuielewa. Ni kama bubu. William, na akili yake yote, hawezi kumwokoa, na anamwambia Adso hivyo wazi.

Sijawahi kusoma kitu kikaniuma hivyo. Watawa hapo juu wanabishana kwa Kilatini kizuri kama Yesu alimiliki mali ama hapana, na mtu ambaye kweli hamiliki kitu amesimama mbele yao na hakuna anayemsikia. Hapo ndipo ule ugomvi wa Papa niliokuwa naruka kurasa zake ukageuka. Nikarudi nyuma nikausoma tena. Mwaka wa 1323 Papa Yohane wa 22 alitangaza kwamba kusema Kristo na mitume wake hawakumiliki chochote ni uzushi. Unaona kwa nini? Kwa sababu kama hawakumiliki kitu, mtu atauliza Kanisa lenye dhahabu limeipata wapi ruhusa. Nilikuwa naona ni mambo ya wazee wa zamani. Kumbe ni swali la nani ana mali na nani anaruhusiwa kuuliza.

Kitu cha mwisho ni kicheko, na hiki ni changu kabisa kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Humo ndani kuna mtawa mzee, kipofu, anaitwa Jorge wa Burgos. Anachukia kicheko. Akisikia watawa wanacheka kwa sababu ya michoro ya mizaha kwenye kurasa za vitabu, anawakemea. Yeye na William wanabishana kuhusu kicheko zaidi ya mara moja, na si mzaha. Jorge anaamini kicheko kinamtoa mtu woga, na mtu asiye na woga hawezi kutawaliwa vizuri. William anaona kucheka ni kwa binadamu, na kunaweza hata kusaidia kuuvunja uongo.

Mwaka jana kwenye sherehe ya familia, mjomba wangu aliniita mbele ya watu akaniambia, "Kijana, yaani uliacha chuo ndiyo uwe ukichekesha watu kwa simu?" Nikasema, "Ni kazi tu, mjomba," nikaangalia chini. Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ingawa simwambii kwa sababu ni mjomba wangu na namheshimu. Jibu ni kwamba kicheko si kitu kidogo. Kingekuwa kidogo Jorge hangekesha akikiogopa. Wazazi wetu wanajua hii. Waulize ilikuwaje Redykyulass walipoanza kumwigiza Moi kwenye televisheni akiwa bado ni Rais. Watu walicheka, halafu wakaangaliana, kwa sababu waligundua wamecheka na hakuna kilichowapata.

Najua kuna mtu anasema, sawa, lakini kuna filamu. Ni kweli iko, ya 1986, Sean Connery ndiye William, na ni nzuri. Kuna pia mfululizo wa televisheni wa 2019. Tazama. Lakini filamu inakupa nani alimuua nani, na hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kitabu. Unaweza pia kuambia simu yako ikufupishie kitabu chote kwa aya tatu. Ukifanya hivyo umemrudisha yule mtunza maktaba. Kuna mtu, ama mashine, ameingia ndani, ameamua wewe unastahili nini, amekuletea hiyo tu. Na ule mlango wa kanisa utakuwa umekatwa wa kwanza.

Kwa hivyo ukitaka kujaribu, mimi nilifanya hivi.

Usiweke mbio. Kurasa kumi kwa siku zinatosha. Simu niliiacha chumba kingine, kwa sababu tusidanganyane, ikiwa karibu hakuna mtu atamaliza ule mlango.

Kilatini ukipita usijilaumu. Hata Adso hajui kila kitu, na stori inasonga. Mimi nilitafuta maana ya vipande vichache tu vilivyonisumbua.

Andika majina ya watawa kwenye karatasi, na kazi ya kila mmoja. Adelmo mchoraji, Venantius mtafsiri wa Kigiriki, Severinus wa dawa za miti, Malachi wa maktaba. Bila hiyo karatasi, kufikia siku ya tatu hujui nani amekufa.

Na kama kuna kurasa umeruka, umeruka. Mimi niliruka zingine na bado sijazirudia, na hakuna polisi wamekuja.

Sisemi kila kitabu kigumu ni kizuri. Kuna vingine ni vigumu kwa sababu mwandishi hakujua anachosema, na hivyo tupa. Wala sisemi chuo hakina maana. Nikipata karo kesho nitarudi, na mathe ajue sikukata tamaa. Ninachosema ni kwamba usingoje kurudi darasani ndiyo uanze kufikiria. Usijiwekee soja. Kama wewe ni wa kidato cha pili, kama unauza smokie, kama uko nyumbani unangoja matokeo, hicho kitabu hakijui na hakitakuuliza.

Beshte yangu nilimwambia nimemaliza. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia yeye mwenyewe hajawahi kukisoma. Alisikia tu ni kigumu. Nimempa wangu aende nao.

Lakini kabla sijampa, nilitafuta penseli. Nikaenda pale ukurasa wa arobaini na kitu, kwenye ile alama ya mwisho ya yule msee nisiyemjua, nikaandika pembeni: vumilia mlango, mbele kuna maktaba.